Mwavuli

Chumba nilichopewa ni stoo ya majembe.
Kuna magunia mawili ya maharage ya shule,
dirisha lisilo na kioo, na meza
inayotulia ukiiwekea daftari chini ya mguu mmoja.
Hapa Isongole, Alhamisi, saa mbili asubuhi,
baridi ndiyo kifaa changu cha kwanza:
mtoto akisema "pa", ukungu mdogo humtoka mdomoni;
akisema "ma", midomo hufunga, moshi hupita puani,
naye hucheka: kumbe sauti ina njia,
kumbe inaonekana.

Mwalimu Mwakibinga ameniletea orodha.
Majina kumi na saba, kwa wino mwekundu:
"Hawa hawajui kusema."
Kumi na mmoja kati yao, kosa lao ni "r".
Wanasema "habali", wanasema "kalatasi",
kama mama zao, kama bibi zao,
kama mlima ulio nyuma ya choo cha wavulana
ambao wenyewe huuita Lungwe.
Nimewafuta. Ningeanzaje kumsahihisha mtoto
nikauacha mlima?

Wamebaki sita.
Wa saba hayumo kwenye orodha: Tusekile,
darasa la tatu, dawati la nyuma.
"Huyo hana shida, madamu. Huyo ni mpole."
Niligonga kijiko nyuma ya sikio lake la kulia.
Hakugeuka.

Lusajo ana miaka saba na hana "k".
Kuku ni "tutu", kaka ni "tata",
na kikombe kikifika kwake hugeuka "titombe".
Bibi yake amekuja na swali lake lile lile:
udata nitaukata lini?
Namwambia ulimi wa mjukuu wake haujafungwa,
unakimbilia mbele tu panapotakiwa nyuma.
"Sawa," anasema, akiutazama mkoba wangu
kama ndimo wembe ulimo.
Tunamlaza Lusajo chali juu ya maharage,
ulimi urudi wenyewe kwa uzito wake,
tunakoroma kama wenye mfupa wa samaki kooni.
Bibi naye anakoroma.

Lakini niliyetaka kumwandika ni Gwamaka.

Jina lake kwa Kinyakyusa limebeba nguvu,
naye hukwama papo hapo, kwenye "Gwa".
Hata shida yake imepewa jina la kikatili:
kigugumizi. Aliyelitunga
alitega "gu" mbili katikati ya njia,
akaenda zake.

Kwa walimu nahubiri: subirini.
Msimmalizie. Msimwambie avute pumzi.
Neno ni lake; hata likichelewa
ni lake.
Nimeliandika hilo ubaoni kwa herufi kubwa.

Kisha Aprili, siku ya mvua ya huku
ambayo hainyeshi, huhamia,
Gwamaka alisimama mlangoni, shingo imemkaza,
akasema: Mwa. Mwa. Mwa—
Na mimi, mwenye cheti, mwenye ubao,
nikiwa na watoto wanne wanangoja barazani
na pikipiki ya saa sita,
nikasema: "Mwalimu? Mwalimu ananiita?"
Akanitazama.
Halafu akaitikia kwa kichwa,
jinsi mtu anavyokubali bei asiyoiweza
ili aondoke tu sokoni.

Nilikwenda ofisini. Hakuna aliyeniita.
Niliporudi ndipo nilipouona mwavuli wangu
ng'ambo ya uzio, katikati ya viazi,
upepo umeuvunja mbavu mbili
na kuupindua uangalie juu,
ukinywa maji, wazi, kama kinywa.

Sikumwomba radhi siku ile.
Niliona haya mbele ya watoto.
Nilimwomba Alhamisi iliyofuata, nimelowa hadi soksi,
na maneno, niliyoyapanga njia nzima kutoka Uyole,
yalinigomea. Nilikwama mara mbili.

Gwamaka alikunja mikono, akaegemea majembe.
Hakunimalizia.